Haal ya Feni

...basi Kaaha achukue ile kubwa ya kupoza kompyuta, yenye feni mbili na bati nene la meno marefu, maana kwa joto hili la Garissa ile ndogo itafanya nini, itapepea hewa ya moto tu, lakini hiyo kubwa nayo ina kelele, Kura mwenye duka ameiunganisha na betri ya redio hapa kaunta ikanguruma kama posho mili, na wateja wakija kuchapiwa barua watasikilizanaje... "Dada, hii ndogo hana kelele," Kura anasema, Mborana huyu na Kiswahili chake cha Isiolo, "lakini kama prosesa yako ameongezwa mbio, chukua kubwa," na nani amekwambia imeongezwa mbio, Kaaha anataka kumuuliza, nani kakuuliza, lakini amuulize nini na mji mzima unajua, mji huu hata ukikohoa chumbani kwako watu wa sokoni wanakuombea dua, wanajua kwamba Aweys, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alirudi kutoka Nairobi na cheti cha kompyuta akaichukua mashine ya dada yake ya megahezi mia tatu akaikimbiza mia nne na hamsini, "nimeikanyagia tu, abaayo, dada yangu, hiyo ni kusongesha vijiti viwili hapa ndani," akacheka, na ikakimbia kweli, wallahi, miezi sita karatasi zilikuwa zinatoka kama mikate ya tanuri, mpaka Jumatatu ile. Jumatatu ile ya mitihani ya majaribio, mwalimu mkuu Maryan amesimama begani mwake, wasichana tisini wanasubiri kufanya fizikia kesho yake, na kompyuta inazima, inawaka, inazima, kazi ya siku nne imeliwa, na Maryan anajifunga shungi upya, anatoka, hajarudi mpaka leo... Hasira ile bado anayo, na ana haki nayo, ama hana? Alimwachia mashine nzima, akarudishiwa mfu.

"Ile ya zamani umekuja nayo?" Kura anauliza, "nione saizi," naye anaifungua kwenye leso, aliing'oa mwenyewe jana kwa kisu cha jikoni, vidole bado vinamuuma, kwa sababu mwenye kazi hiyo yuko Wajir, anachunga ngamia wa mjomba Hirsi, mtu na cheti chake... lakini leo anakuja. Leo baada ya alasiri. Farah wa lori alileta habari jana, akasimama mlangoni bila kuingia kama mtu anayeleta habari ya msiba, akasema Aweys ameuza sanduku lake la bisibisi amenunua kondoo dume, anakuja na wazee wawili kukutolea haal yako, ile fidia ya heshima uliyoitaka. Haal yake. Aliitaka, ndiyo, mbele ya mama alisema, asikanyage nyumba yangu mpaka aje na wazee anitolee haal kama mtu yeyote aliyevunja heshima ya mtu, tena asijifiche nyuma ya undugu, na mama akasema, "Kaaha, haal kwa ndugu yako wa tumbo moja?" na yeye akasema ndiyo, tumbo moja, sasa je? Na tangu siku hiyo mama hali chakula cha nyumba yake, anakuja, anaketi, anakunywa maji tu, anaondoka... Leo atakula. Leo wazee watakula kondoo, watasoma Fatiha, Aweys atainamisha kichwa aseme nimekosa, na yeye Kaaha ataitikia nimesamehe, na hapo moyo utatulia, ungepaswa kutulia, mbona hautulii, ni joto tu, bati la duka hili linachoma utosi. "Hii nini?" Kura anasema.

Hiyo ni nini. Kura anaigeuza ile feni ya zamani kwenye mwanga wa mlango, analisukuma bawa kwa kidole, haizunguki, imeganda, anakwaruza kwa ukucha kati ya meno ya bati na ukucha unatoka na kitu cheusi, kinanata, kinavutika, vumbi limekandwa ndani yake kama unga ndani ya asali. "Si mafuta hii," anasema, na anaipeleka puani, mjinga huyu, nani ananusa feni, na anacheka, "Dada! Hii iko na harufu ya harusi!" Harusi, anasema... na Kaaha hacheki, kwa sababu harufu imemfikia na yeye, hata hapa, katikati ya risasi ya kuchomelea na soli za viatu vya jirani, ubani, udi, na sukari iliyoungua. Unsi. Unsi wake mwenyewe, anaoupika kwa mkono wake, sukari iyeyuke kwanza, kisha udi, kisha marashi, anaumimina kwenye sinia, anauvunja vipande. Kila alasiri alifunga dirisha, akaweka kipande juu ya kaa la chetezo, akakisukuma chetezo chini ya meza, hapo hapo kando ya mashine, chumba kinukie, macho ya watu yasiingie, maana mwanamke mwenye kompyuta yake mwenyewe katika mji huu ana macho mengi mgongoni... na mashine inavuta hewa kutoka chini. Inavuta kutoka chini! Miezi sita inavuta moshi wa sukari, inaulamba, inaushikisha vumbi la barabara. Hapana. Feni ndogo huganda zenyewe, hiyo ni kazi ya joto, ni zile mbio za Aweys, mia nne na hamsini, nani alimtuma... "Hata kama angekuwa hajaongezwa mbio," Kura anasema, kama ameulizwa, "feni amesimama, mashine atakufa tu."

Na sauti nyingine inakuja juu ya ile ya Kura, ya Aweys, hakuiita, "Abaayo, toa hiki chetezo hapa, moshi unaingia ndani ya kasha," lini hiyo, mwezi wa Rajabu, alikuwa amepiga magoti chini ya meza, jasho shingoni, na yeye alimjibu nini, alimjibu, "Unataka ofisi yangu inuke mbuzi kama wewe?" na wateja wakacheka, na yeye akacheka, akatoka kwenye meza akijipangusa magoti... Na akasema tena. Mara ya pili hakusema kwa mdomo, alikibeba chetezo akakiweka dirishani, na yeye akakirudisha. Alikirudisha. Kwa mkono huu. Basi alijua? Hakujua, alisahau, alitaka kusahau, yote hayo ni mamoja sasa. Na ile Jumatatu, Maryan akiwa anatoka, hajafika hata mlangoni, alimgeukia mdogo wake akasema, sema basi, liseme kichwani angalau, alisema, "Mkosi wewe, siku uliyoingia duniani ndiyo baba alitoka." Mbele za watu. Na Aweys alikuwa na bisibisi mkononi, aliiweka juu ya meza taratibu kabisa, na bisibisi zilizobaki sandukuni ndizo zimegeuka kondoo.

Na sasa wako njiani. Pengine wameshapita Modogashe, kondoo amefungwa miguu juu ya magunia, Aweys anarudiarudia maneno ya kukiri kosa lisilo lake, na nani atajua, anajua Kura peke yake na Kura hajui anachojua, kwake hiyo ni harufu ya harusi tu. Angenyamaza. Ni rahisi mno, mkono mmoja unapokea, mama anakula, wazee wanasifu, na kondoo... atammeza vipi yule kondoo, ee Mola, atamtafuna vipi mbele ya mama, nyama ya bisibisi za yule mtoto? Haal ni ya nani leo? Akisema, wazee watageuka papo hapo, watamwambia basi wewe ndiye utoe, dada mkubwa, mbele ya mdogo, na mji utacheka mpaka Ramadhani. Wacha wacheke. Hapana, wasicheke, hawezi, ataweza vipi...

"Sasa dada," Kura anasema, mkono mmoja juu ya ile kubwa, mwingine juu ya ile ndogo, vile vile kama alivyokuwa, "kubwa ama ndogo?" na kitambaa cha petroli kimeshatoka chini ya kaunta, anaifuata ile ya zamani aisafishe, kwa wema tu, na Kaaha anasikia sauti yake kabla hajaiamua.

"Usiipanguse, Kura. Nifungie hiyo hivyo hivyo ilivyo. Kuna wazee wanakuja, nataka wainuse."