Harusi ya Wakati wa Giza

"Na mimi nakwambia siondoki," alisema Veneranda, huku akikaza kamba ya godoro kama mtu anayeondoka.

"Boti iko ufukweni, Mama Esther," alijibu mumewe, Mchungaji Castory. "Nahodha Dismasi ameshapakia vitanda na sanduku la dawa. Akitushusha Kigoma anageuza kwenda kuchukua wakimbizi. Unataka niwaambie nini wakubwa wa kanisa?"

"Waambie wamepanga siku kwa kalenda ya ofisini. Waulize kama walitazama mwezi."

Castory akaketi juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa. Hakubisha, maana hapo mkewe alisema kweli.

Kabwegere ilikuwa kusini mwa Ujiji, mwendo wa kutwa kwa boti, na barabara haikuwapo. Mambo ya kijiji yalikwenda kwa mwezi. Wakati wa giza wanaume walilala ziwani na karabai zao, wakiwavuta dagaa kwa mwanga. Mwezi ukijaa, dagaa hawakuijali taa, na wanaume walibaki nyumbani. Basi harusi, ubatizo, hata kesi za mbuzi walioingia shamba la mtu, vyote vilingoja mbalamwezi.

Familia ya Mchungaji ilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka walipohamia, Castory aliitisha mkutano mkubwa wa Injili katikati ya giza. Walikuja vikongwe wachache na mbuzi aliyekula karatasi za nyimbo. Veneranda alicheka hadi akashika mlango asianguke. Castory alinuna mpaka mwezi ulipojaa.

Sasa, akiizungusha kamba kwenye godoro, Veneranda alimwona tena yule mbuzi akilini. Aliiona meza ya zahanati ambayo Esther, binti yao, alijifunzia kusoma asubuhi, kabla wagonjwa hawajaja. Aliisikia rimu ya lori iliyoning'inizwa kanisani badala ya kengele. Lori lenyewe hakuna aliyejua lilifikaje mahali pasipo na barabara. Mambo hayo alikuwa akiyalalamikia kila siku. Leo aliyahesabu moja moja.

Baada ya mwaka ule wa mbuzi ikaja miaka ya wakimbizi. Mitumbwi ilitua kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya Kongo, imejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Watu walilala jikoni, kanisani, chini ya meza. Sufuria ile aliyoikalia Castory haikupoa uji. Mapazia mapya aliyoyashona Veneranda kwa mkono wake, mumewe aliyachana yakawa nepi za watoto wachanga. Mkewe alimgombeza wiki nzima, kisha akampa na shuka.

Wengi walipita wakaenda makambini. Mélanie alibaki. Aliteremka peke yake kutoka kwenye mtumbwi wa watu asiowajua, wazazi wake wamezikwa huko asikotaka kukutaja. Aliuliza sabuni iko wapi kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, akaanza kuosha vidonda vya wenzake. Hapo hapo Veneranda akampenda, ingawa hakumwambia. Alimwambia tu asimwage maji hovyo.

Sasa Mélanie alikuwa amechumbiwa na Feliksi, mvuvi wa pale pale Kabwegere. Mama yake Feliksi, Rozalia, hakukataa, lakini alitoa sharti mbele ya watu. Bibi arusi lazima atoke katika nyumba yenye mama ndani. "Mwanangu haoi kitu kilichookotwa ufukweni," alisema. Veneranda alisimama akamjibu: "Atatoka kwangu. Mama yake ni mimi."

Harusi ilipangwa baada ya wiki mbili, mwezi ukijaa. Halafu juzi ofisi ya kanisa ikasema kwa redio call: mmehamishiwa Gungu, mjini Kigoma, boti inakuja.

"Nibaki peke yangu," Veneranda alisema. "Harusi ikipita mnifuate."

"Kwa boti gani? Hii hairudi huku mpaka wakimbizi waishe, na wewe unajua hawaishi. Na ndoa ataifungisha nani? Mwinjilisti haruhusiwi. Mchungaji wa kunipokea kazi hapa hajapatikana."

Mélanie aliingia na vikombe vya mwisho alivyokuwa akiviosha nje. Ilikuwa wazi amesikia yote. Aliviweka kwenye kapu kimoja kimoja.

"Mama Esther, nendeni tu," alisema taratibu. "Msigombane kwa ajili yangu. Mimi nimezoea kubaki."

Mikono ya Veneranda ilisimama kwenye kamba. Kupitia dirisha, lililokuwa halina pazia tena, mitumbwi ilikuwa inarudi kutoka ziwani. Wanawake walikuwa wameshajaa mchangani na mabeseni, tayari kuanika dagaa kabla jua halijapanda. Kijiji kizima kilikuwa pale.

"Castory, joho lako liko wapi?"

"Chini ya gunia la mahindi. Kwani?"

"Litoe. Harusi ni sasa hivi."

"Wakati wa giza? Wanaume hawajalala! Halafu nimetangaza ndoa hii mara mbili tu, tangazo la tatu ni Jumapili."

"Litangaze ufukweni. Jumapili gani umewahi kupata watu wengi hivi?"

"Watanuka dagaa, mama."

"Na Petro alikuwa ananuka nini?"

Castory akaenda kuliondoa gunia la mahindi.

Veneranda aliteremka ufukweni bila viatu. Rozalia alikuwa ameinama, akitandaza dagaa kwa viganja vyepesi.

"Shikamoo, Mama Feliksi."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kukwambia harusi ni leo. Sasa."

Rozalia alinyooka polepole. Wanawake wa karibu wakaacha kuanika. "Harusi ya giza? Watu watasema tunaozana kama wezi. Bila kuku hata mmoja?"

"Kuku wangu wote wako kwenye tenga, walikuwa wanasafiri kwenda Gungu. Wameahirisha."

Mtu alicheka. Rozalia hakucheka. "Na dagaa wangu nimwachie nani?"

"Endelea kuanika. Leo kanisa litakufuata hapa hapa."

Feliksi alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi, kaptula inachuruzika maji, macho mekundu kwa kukesha. "Mama Mchungaji," alisema, "nikaoge kwanza?"

"Ziwa lote hilo liko nyuma yako, unaniuliza mimi?"

Wenzake walimbeba wakamtupa majini. Sasa ufukwe mzima ulicheka, na kona za mdomo wa Rozalia zikalegea kidogo. Lakini hakuwa amemaliza.

"Atatoka nyumba ipi? Nimeona mmebeba mpaka vitanda."

"Ina kuta, ina paa. Na mama atakuwa ndani."

Rozalia alimtazama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi nenda ukakae ndani. Mama wa bibi arusi hafuati harusi. Anatoa mtoto mlangoni, anabaki."

Hilo Veneranda alikuwa amelisahau. Alishajiona amesimama mchangani, anampanga huyu hapa na yule pale, anamkonyeza Castory asirefushe mahubiri.

"Nitabaki," alisema.

Alirudi mbio, akalifungua furushi alilolifunga alfajiri, akatoa kitenge chake cha Krismasi. Alimfunga Mélanie mwenyewe, akamvuta huku na huku. "Simama wima. Usilie, huna muda." Esther aligonga rimu ya lori mpaka ndege wakaruka.

Wanawake walikuja wakiwa na magamba ya dagaa mpaka viwikoni. Rozalia alisimama kizingitini.

"Tumekuja kuomba binti."

"Binti yupo. Mnamtaka wa nini?"

"Tunamtaka awe wetu."

Veneranda alimshika Mélanie mkono, akauweka katika mkono wa Rozalia. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, hasa kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, lakini alimweka tu sawa kitenge begani.

"Mawe," alisema Mélanie kwa Kirundi chake. Mama. Siku zote alikuwa amemwita Mama Esther, kama watu wengine wote.

Walikwenda naye. Nyumba ikawa tupu, misumari ukutani, alama nyeupe za miguu ya kabati sakafuni. Veneranda aliketi juu ya godoro lililofungwa. Kutoka ufukweni ilimfikia sauti ya Castory ikitangaza kwa mara ya tatu, kama kuna mwenye pingamizi aseme. Mbuzi akalia, na watu wakaangua kicheko. Kisha impundu, vigelegele vya Burundi, vikapanda mlima na kurudi.

Dismasi alichungulia mlangoni, jasho linamtoka, kofia mkononi. "Mama Mchungaji, limebaki godoro hilo tu. Nilichukue, tuondoke?"

"Weka kofia chini, ukae," alisema Veneranda. "Mwanangu anaolewa."