Daktari, Mjane na Kuku wa Mayai

Kiti chenye mto kilikuwa kimoja tu sebuleni, na siku hiyo kilikuwa na kesi. Mama Bobini, fundi cherehani, alishikilia kwamba daktari wa tamthilia atamwoa mjane. Wifi yake akaapa ni nesi. Atakayeshindwa ahamie mkekani, na asirudi.

Tamthilia ilikuwa ya lugha ya mbali, wao wakiifuata kwa maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya picha. Binti wa fundi aliwawekea kwenye flashi faili mbili za sehemu ya mwisho, ya picha na ya maandishi, akaonya: "Mama, hizi ni pacha, jina lao moja. Ukibadilisha la mmoja, runinga haitamjua nduguye."

Lakini Mama Bobini, ambaye hata makopo ya vifungo kayaandika majina, angevumiliaje lile jina refu lenye nukta na tarakimu kama namba ya gari? Akaiita picha "Mwisho", akaridhika. Kumbe kwenye flashi hiyo hiyo kaka wa fundi alishafuta picha ya somo lake la ufugaji, maandishi yake yakabaki yatima, nayo yakiitwa "Mwisho".

Runinga ikawaunganisha. Daktari akapiga goti mbele ya mjane, machozi yakimlengalenga. Chini pakaandikwa: "Mshike mabawa, pulizia manyoya, angalia kama ana utitiri."

"Mapenzi ya wenzetu yana mafumbo," fundi akasema kwa upole.

Nesi akaingia mbio. Daktari akamnyooshea kidole: "Huyu ameacha kutaga. Mtoeni bandani."

Wifi akaruka. "Nani ameacha kutaga? Mtoto wa watu na heshima zake!"

"Usinifokee mimi, wifi. Aliyempima ni daktari."

Harusi ikaja. Shela likafunuliwa: nesi! Wifi akapiga vigelegele, akajitupa kitini, huku maandishi yakiagiza maharusi wapewe maji safi na pumba.

Binti aliporudi kutoka kazini alicheka hadi akakaa chini. Akawaeleza jinsi jina lilivyoleta kuku, akarudisha la zamani, akaenda kuoga. Wakaanza upya.

"Nakupenda," daktari akasema.

"Na mimi," nesi akajibu.

"Sana."

Wifi akasubiri. "Ndiyo hayo tu? Mchuzi bila chumvi! Wifi yangu, hebu turudishie kuku."

Mama Bobini akanyoosha miguu mkekani, akaipangusa flashi kwa upindo wa gauni, taratibu.

"Kuku watarudi. Ila mikono yangu haibadilishi majina nikiwa nimekaa chini."

Wifi akanyanyuka, akaukung'uta mto.

"Haya, kaa, bibi mfugaji."