Udhaifu wa Mama Kizingiti

Mungu wa kwanza niliyemuumba alikuwa wa foleni. Nilimpa miguu kumi na miwili, yote imevimba, na waumini wanaomwabudu kwa kusukumana. Wa pili alikuwa mungu wa vifuniko, mzee mwenye roho mbaya anayejua kifuniko cha kila bakuli kimepotelea wapi, na hasemi. Kuumba miungu ni kazi nyepesi kuliko kutengeneza meno bandia, na mimi nafanya zote mbili. Mungu akikaa vibaya, hakuna mteja anayerudi kulalamika kwamba fizi zinamuuma.

Miungu hiyo ilikuwa ya mchezo wetu wa mezani. Tuko watatu: mimi, Fundi Friji, na Mwalimu anayefundisha hesabu. Mimi nasimulia ulimwengu ambao haupo, wao wanajifanya watu wake, na kete zinaamua nani afe. Kila Jumamosi tunakutana sebuleni kwa shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita na ambaye bado naishi naye, mtu mzima na ndevu zangu.

Sheria za kuumba miungu aliziandika Mwalimu, kurasa saba, na aliyezisoma zote ni yeye mwenyewe. Kila mungu ana nguvu tatu na udhaifu mmoja. Ukitaka kufuta udhaifu, unatoa nguvu. Hakuna cha bure. Nyuma ya karatasi ya kila mungu kuna sehemu inayoitwa Siri, ambayo haisomwi na mtu yeyote isipokuwa msimulizi.

Basi mungu wa tatu alinishinda. Nilikaa karakana nikiwa na nta mkononi, kichwa kitupu, na nikafanya ninachofanya kila nikikwama: nikachukua mtu ninayemjua nimbadilishe baadaye. Akatokea Mama Kizingiti. Nguvu ya kwanza: humjua aliyeingia bila kufuta miguu, hata akiwa nchi ya tatu. Nguvu ya pili: akikasirika hasemi neno, anaosha vyombo kwa kishindo mpaka milima inaomba radhi. Nguvu ya tatu: mtoto aliyemlea hawezi kuvuka kizingiti na kwenda zake bila ruhusa yake. Udhaifu: anaogopa nyumba tupu.

Na kwenye Siri, nikaandika hivi: "Mwanawe amepata kazi mji wa mbali, karakana kubwa, yeye ndiye mkuu. Barua ina wiki tatu ndani ya begi. Jibu linatakiwa Jumatatu. Mwoga huyu hajamwambia."

Nilipanga kubadilisha. Wallahi nilipanga. Lakini siku hiyo seti nne za meno zilikuwa zinasubiriwa, nikachapa karatasi zote haraka haraka, mbele na nyuma, nikazitupia kwenye begi.

Jumamosi nilizipanga mezani nikaenda kuwafungulia wenzangu geti. Fundi alikuwa anasimulia habari za friji fulani yenye familia nzima ya panya, tukaingia tunacheka. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, anasoma.

Shangazi alikuwa mkuu wa wodi kwa miaka thelathini. Hata leo akikuangalia unajikuta unatafuta kitanda chako ulale chali. Tulisimama wote watatu mlangoni.

"Huyu wa foleni namfahamu," alisema. "Alikuwa dirisha la dawa. Mmemtoa vizuri."

Akachukua karatasi ya tatu. Nilitaka kumnyang'anya, nikachelewa.

"Vyombo kwa kishindo," akasoma. "Mimi?"

"Si wewe, shangazi, ni mungu tu."

"Umri miaka elfu nne. Asante sana, mwanangu. Nashukuru." Fundi aliangua kicheko, akaangaliwa, akakimeza.

Kisha akageuza karatasi.

Nilimwona akisoma ile Siri mara moja, halafu mara ya pili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Si kwamba nilimficha. Ni kwamba nilimweleza mungu wa karatasi kabla ya kumweleza yeye. Na nilijua fika kwamba akisema niache, nitaacha. Nitakaa pale nikisugua meno ya watu mpaka yangu yang'oke.

"Wiki tatu," alisema.

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri."

"Ya kuniambia, au ya kunizika?" Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Kaeni, mnanizibia mwanga. Hii karatasi inarekebishwaje?"

Mwalimu, ambaye hata nyumba ikiungua ataeleza kanuni kwanza, akasogea. "Ukitaka kufuta udhaifu, Shangazi, unatoa nguvu moja. Kwa mfano ukitoa hii ya tatu, ya ruhusa, basi hofu ya nyumba tupu inaondoka."

"Nipe kalamu."

Akaifuta nguvu ya tatu. Mstari mmoja, halafu wa pili juu yake, kama anavyofuta dawa iliyoandikwa kimakosa.

"Sasa nafuta na hofu," alisema Mwalimu, akinyoosha mkono.

"Nani kakwambia ufute? Hofu iache."

"Lakini utakuwa umetoa nguvu bila kupata kitu. Sheria hairuhusu."

"Umeandika kurasa ngapi wewe?"

"Saba."

"Andika ya nane."

Mwalimu, mtu ambaye aliwahi kutunyima pointi kwa sababu kete iligusa sahani, akachukua karatasi safi akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nalia, na sikuona haja ya kusingizia vumbi.

"Utaenda," Shangazi akaniambia, bila kuniangalia. "Jumatatu uwajibu. Na ukifika huko usiwatengenezee watu meno makubwa kama uliyompa jirani yetu, anaonekana anacheka msibani."

"Nitakupigia simu kila siku, shangazi."

"Kila siku tuongee nini? Jumapili inatosha."

Kisha akawageukia Fundi na Mwalimu, waliokuwa wameanza kukusanya kete taratibu, kama watu wanaoaga wagonjwa.

"Na nyinyi mnakwenda wapi? Jumamosi ijayo hapa hapa. Saa nane, si saa tisa. Na ile baada yake."

"Msimulizi atakuwa nani?" Fundi akauliza.

Shangazi alivuta kiti changu karibu na meza, akaegemeza viwiko, akauliza tulikuwa tumefikia wapi.