Mpira Uliokataa Kufika Chini

Kabla hakujapambazuka nilisikia kifutio kikisugua karatasi jikoni: kwichi, kwichi. Mjukuu wangu alikuwa ameniwahi kuamka. Asubuhi hiyo alikuwa na mtihani wa fizikia, na akifeli tena, anaondolewa darasa la sayansi.

"Bibi, mpira wangu haufiki chini," akasema, machozi yakimlengalenga.

Swali lilikuwa hivi: mtu amesimama kwenye roshani, mita kumi kutoka ardhini, anarusha mpira juu kwa mwendo wa mita tano kwa sekunde. Utatua baada ya muda gani? Kila akikokotoa, jibu linagoma.

"Mke mwenzangu, mimi hesabu yangu ni ya chumvi na maji," nikamwambia. "Vaa viatu."

Tukashuka kwa Mwalimu, mstaafu wa fizikia anayekaa peke yake chumba cha chini. Alitufungulia akiwa amekosea vifungo vya shati kwa haraka. Hakuuliza hii saa ngapi. Kiti kilikuwa kimoja. Akampa mtoto, yeye akakaa kitandani.

Akasoma karatasi, akaangua kicheko. "Juu umeiita nini?"

"Chanya. Kwa hiyo mwendo wa kurushia ni chanya."

"Na mvutano wa dunia?"

"Unavuta chini. Hasi."

"Safi. Na ardhi iko wapi?"

"Chini, mita kumi."

"Mbona umeandika kumi bila alama ya hasi? Maskini, umeipandisha ardhi juu ya kichwa cha mrushaji! Mpira utaifikiaje?"

Mjukuu wangu akajishika mdomo. Nami nikacheka, maana hata mimi nilielewa.

"Kwani lazima juu iwe chanya?" mtoto akauliza.

"Wala! Ukitaka chini iwe chanya, ruksa. Ila ukishachagua, usigeuke katikati ya safari. Chora mshale kwanza, namba baadaye."

Mjukuu wangu akachora mshale, akakokotoa upya. Sekunde mbili. Mpira ukatua.

Majibu ya mtihani yalipotoka, nilikuwa nafagia ngazi. Alinipita mbio bila hata shikamoo, akaenda kugonga kwa Mwalimu.

"Nimebaki, Mwalimu! Nimebaki sayansi!"

Mzee wa watu alishika fremu ya mlango, akatabasamu mpaka macho yakafumba. Kisha sauti ikashuka kidogo.

"Basi sasa huna shida na mimi."

"Aa, Mwalimu!"

"Njoo tu, mwanangu. Hata usipokuwa na swali. Na bibi yako aje, nitatafuta kiti kingine."