Sauti ya Dalali

Dalali alikuwa na sauti ya kufukuza kunguru. Miaka yote ya minada hakuwahi kushika kipaza sauti. Akisema "Mara ya kwanza!" hata waliokuwa wakipita na hamsini zao waligeuka, na wengine walirudi nyumbani na makabati wasiyoyahitaji. Kisha koo likaanza kumsumbua, na daktari akamwambia bila kuzunguka: sanduku la sauti la kooni litolewe, la sivyo litamtoa yeye.

Kabla ya upasuaji alijifungia chumbani na kompyuta ya mkononi, ile ndogo ya kugusa kwa kalamu ya plastiki, akaijaza sauti yake. Alirekodi ya haja na ya utani, kila neno akalipa picha yake ya kugusa. Aliporudi kutoka hospitali, hana hata mnong'ono, kila picha aliyoigusa ilimsemea: "Fungua dirisha." "Chai hii sukari imeiona kwa mbali." Sahani ikibaki na kipande kimoja cha nyama, aligusa picha ya nyundo, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" na mkewe, fundi cherehani, alicheka mpaka akafuta machozi. Palikuwa na picha moja ya kumwita yeye tu: "Wee Sindano, cherehani haina miguu, haitakimbia. Njoo ule."

Miaka ikaenda, kifaa kikazeeka. Kikawa kinaganda katikati ya neno, mpaka kitolewe betri na kurudishwa. Binti yao, karani wa ofisi, akatafuta mtandaoni akapata programu mpya ya kukifufua. Jumamosi moja akaja na kompyuta yake na waya.

Waya ule uliwatoa jasho. Mara kompyuta ikione kifaa, mara kipotee. Binti akapuliza vumbi tunduni, mama akaubana waya kwa vidole usicheze. Dalali alikaa kando, mikono magotini, kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Hatimaye kompyuta ikalia, maandishi yakajitokeza.

"Mama, inasema kifaa kitasafishwa kwanza. Niendelee? Nadhani sauti za baba ziko kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi nimeshaitoa, hii hapa."

"Kusafisha kuna ubaya gani? Nguo ikichafuka si hufuliwa? Safisha, mwanangu."

Kifaa kiliwaka upesi kama kilichotoka dukani leo. Dalali akakipokea kwa mikono miwili, akatafuta huku na huku kwa kalamu. Picha zake hazikuwapo. Binti akarudisha kadi haraka. Ndani mlikuwa na picha za harusi yake, basi.

"Zirudishe," mama alisema. "Ulikozipeleka, kazilete."

"Mama, zimefutika."

"Zirudishe, nakwambia!"

Binti akaangua kilio. Dalali akainama juu ya kifaa, akabonyeza herufi mojamoja, kisha sauti ya ile programu mpya, ya mwanamume asiyejulikana, ikatoka, ikisoma kama mgeni anayesoma kibao cha barabarani: "Mwache. Mtoto. Hana kosa."

"Na huyu ni nani anayeniamrisha nyumbani mwangu?" mama alifoka. Halafu akamwona mumewe alivyoinamisha uso, akajiziba mdomo kwa kanga. Aliyesema "safisha" ni yeye.

Walikipeleka kwa fundi wa kompyuta. Alihangaika nacho wiki nzima, akakirudisha akitikisa kichwa. "Sauti ingekuwa imejificha ningeisaka, mama. Haipo." Wakauliza kwa wenzake Dalali kule mnadani kama yupo aliyewahi kumrekodi. Hakuna. Nani arekodi sauti anayoisikia kila siku?

Dalali akakiweka kifaa kando, akawa ananyoosha kidole tu. Binti naye akapunguza kuja, mpaka mama alipomfuata kwake, akamkuta jikoni, wakakumbatiana. "Nilitaka kumsaidia, mama." "Najua. Mimi pia."

Dalali mwenyewe ndiye aliyeanza tena kubonyeza herufi. Mtu ana njaa, ana utani, atafanyaje? Utani wake ni uleule, ila sasa unatoka mdomoni mwa mtu baki, na mkewe hucheka akiwa amechelewa kidogo. Hajamzoea huyo mgeni. Akiitwa akiwa kazini, husimamisha gurudumu la cherehani, hugeuka kwanza amwone mumewe usoni, ndipo aitike.