Ufunguo wa Maabara

Kitu pekee ambacho mwalimu Hinda Duale hakuwahi kugawana na mtu kilikuwa ufunguo wa maabara ya sekondari ya wasichana, pale Garissa. Joto, vumbi na chupa zisizo na vizibo alivizoea. Mtu ambaye hakuweza kumzoea ni Samsam.

Zamani walikaa dawati moja. Nafasi ya kusoma ng'ambo ilipotokea ilikuwa moja tu, akaenda Samsam. Sasa, mwaka wa tisini na sita, alikuwa amerudi likizo na kipande cha kioo kilichopakwa utando wa rangi ya asali. Hiyo ni plastiki, aliwaeleza walimu, ila mnyororo wa molekuli zake umeungwa kwa atomi za chuma. Ikitayarishwa vizuri hupitisha umeme, na huenda siku moja redio zikaundwa kwa plastiki ya namna hiyo.

"Akituonyesha kesho na ikafanya kazi," alisema Alio, mwalimu mkuu, "maabara nampa yeye, asirudi tena kwa Wazungu!"

Wote wakacheka. Hinda naye alicheka, meno tu.

"Nihifadhie, abaayo, dada yangu," Samsam alimwomba. "Kabati lako lina giza."

Hinda alikiweka kioo ndani ya mtungi wa glasi. Kisha akatia punje za iodini, ile inayotia doa kila inachogusa, akafunika. Mvuke wa zambarau ukaanza kupanda.

Asubuhi utando ulikuwa mweusi tii. Wasichana walijaa hadi madirishani. Samsam alikitazama kioo, kisha akaunganisha betri na mita. Mshale ukaruka. Vigelegele!

"Bila iodini mshale usingesogea," Samsam alimwambia Alio. "Nilipanga kuiomba leo. Hinda amenitangulia."

"Kumbe! Basi ufunguo ubaki hapo hapo ulipo."

Walipobaki wawili, Hinda alisema, "Sikujua lolote. Nilitaka kukiharibu."

"Najua, abaayo. Aliyetaka kunisaidia angeniuliza kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Mimi Jumatatu naondoka."

Samsam akatoka, na wasichana wakamfuata uani wakiligombania begi lake. Hinda alibaki dirishani, ufunguo mkononi. Ulikuwa ule ule, lakini sasa hata huo alikuwa amepewa na Samsam.