Wifi Hajafutwa

Dobi wa hospitali alirudi nyumbani jioni, akavua viatu nje ya mlango, akanawa mikono kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni, kisha akaingia chumbani na kumkuta wifi yake ameketi ukingoni mwa kitanda. Wifi huyo alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, kwa ugonjwa ule ule uliokuwa ukimaliza watu mjini. Alivaa gauni la wagonjwa lenye kamba mgongoni. Miguu ilikuwa mitupu.

"Umechelewa, wifi," akasema.

"Shuka zilikuwa nyingi. Karibu."

"Nimeshakaribia."

Simu ya dobi ikatetema. Ilikuwa ni Jirani, programu ambayo kila mfanyakazi wa hospitali alilazimishwa kuiweka kwenye simu, ili mmoja akiugua, waliokuwa karibu naye wajulikane. Redio ilikuwa imeahidi kwamba habari hizo ni za ugonjwa peke yake, na mtu akipona au akifa, zake zitafutwa. Sasa ujumbe ulisema: Uko karibu na mgonjwa. Usitoke nyumbani.

"Ni wewe huyo," dobi akasema.

"Nani mwingine?"

Mume wa dobi, fundi wa kuchomelea, alipoingia na kumwona dada yake, aliweka mkoba wa vifaa chini taratibu.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, kaka. Nimekufa tu."

Fundi akachukua blanketi, akamfunika miguu, maana sakafu ilikuwa ya saruji. Siku ya maziko ndugu hawakuruhusiwa kusogea. Jeneza alilitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Jioni hiyo alikaa ubavuni mwa dada yake, wakacheka habari za utotoni, mpaka giza lilipotanda na marehemu akatoka kwa mlango kama watu wengine. Tangu hapo akawa anakuja kila siku jua linapozama.

Afisa wa afya alikuja kumkagua dobi, kwa kuwa ujumbe wa Jirani ulikuwa haukomi. Alikuwa mwanamke mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpima dobi joto, kisha akaelekeza kipimo kwenye paji la uso la wifi. Kipimo kikasoma joto la chumba.

"Huyu hajafutwa," afisa akasema. "Tunao wengi. Mfu ambaye bado yumo kwenye Jirani hawezi kwenda zake. Anashinda kwetu ofisini, jioni anarudi kwao."

"Na wa kufuta ni nani?"

"Kiti chake kipo. Wa kukikalia hajaajiriwa." Akafunga mkoba wake. "Wewe rudi kazini. Wa namna hii hawaambukizi."

Kazini, glavu zilikuwa zimekwisha. Shuka za wodi zilishuka na damu na matapishi, na wanawake wa chumba cha kufulia walizichambua kwa mikono mitupu. Ndivyo wifi alivyoupata ugonjwa. Yeye alikuwa mpiga pasi, na siku ile alikuwa amemsaidia mwenzake tu. Walipopeleka malalamiko kwa msimamizi, aliwaambia wavumilie, mvumilivu hula mbivu.

"Mbivu tutazila kaburini?" akasema mwanamke waliyemwita Tarumbeta kwa sauti yake, ambayo ilisikika hata mashine zikiunguruma.

Ni yeye aliyewakusanya nyuma ya uzio wa kuanikia. Simu waliziacha kabatini, kwa kuwa hawakuwa wajinga. Wifi naye alikuja, ingawa ilikuwa mchana. Hakuna aliyemzuia, jambo lenyewe lilikuwa limemuua, nani angemwambia halimhusu? Alisimama kati yao, shuka zikipepea juu ya vichwa vyao, wakakubaliana kwamba wiki ijayo hakuna atakayegusa shuka chafu mpaka glavu zije.

Wiki hiyo haikufika. Msimamizi aliwaita mmoja mmoja, akamweleza kila mtu alisimama wapi na alikaa muda gani. Wote wakafukuzwa kazi kwa kosa la kukusanyika wakati wa maradhi. Dobi peke yake hakuitwa.

Tarumbeta alimngoja getini. Safari hii alisema kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomuumiza dobi.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Tumefua damu za watu pamoja, dada, na leo umetuuza."

"Sikusema neno. Haki ya Mungu."

"Basi nani? Shuka?"

Dobi alifika nyumbani bila kujua alipita njia gani. Wifi alikuwa kitandani, ameinamisha kichwa.

"Ni mimi, wifi," akasema kabla hajaulizwa. "Asubuhi wananiita kule ofisini, wananiuliza nilikuwa karibu na nani. Ningekuwa hai ningewadanganya mpaka wakatae majina yao. Sasa uongo hautoki. Nafungua mdomo, unatoka ukweli mtupu."

"Na mimi mbona hukunitaja?"

"Nilikutaja. Wewe uko karibu nami kila siku. Hawakuliona kuwa jambo."

Dobi alikaa chini sakafuni. Alitaka kumkasirikia, lakini alikumbuka jinsi wifi huyu alivyomwachia kitanda chake siku yeye dobi alipojifungua mtoto ambaye hakuishi, na hasira ikakosa pa kushika.

Asubuhi wakaenda pamoja ofisini kuomba wifi afutwe. Kwenye benchi la kusubiri walikuwapo wafu wengine, wametulia, kila mmoja akiitwa kwa zamu kwenda kuulizwa. Dirishani alikuwa yule yule afisa wa afya. Wifi aliweka kidole gumba kwenye kioo, kikamtambua mara moja.

"Kinasema mwenyewe ni marehemu," afisa akasema. "Marehemu hawezi kuomba."

"Basi naomba mimi. Ni wifi yangu."

Afisa alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Dada, wewe huruhusiwi kugusa habari za mtu mwingine. Ni siri yake. Sheria inamlinda."

"Inamlinda na nani?"

Afisa alimwita mfu aliyefuata.

Dobi aliacha kazi mwenyewe, akaanza kufua nguo majumbani. Alimweleza Tarumbeta ukweli, naye akauamini, maana kila mtaa ulikuwa na wafu wake. Lakini hakukanyaga tena nyumbani kwa dobi. Walikutana sokoni tu, mchana, wakazungumza huku wakigeuka nyuma.

Ugonjwa ukaisha. Watu wakavua barakoa. Jirani haikuondolewa, waajiri walikuwa wameizoea, na baadaye polisi nao wakaizoea. Redio ilisema ni kwa usalama wa wote. Kiti cha mfutaji kilibaki kitupu, na jioni wafu waliendelea kurudi makwao, wakikutana na jamaa zao ambao sasa walizungumza habari za mvua.

Fundi naye alikuwa amejiunga na mafundi wenzake katika jambo ambalo hakumwambia hata mkewe. Akifika mlangoni na kumwona dada yake ndani, alisema "hamjambo" kwa wote wawili, akarudi kukaa uani gizani.

"Kaka siku hizi hakai nami," wifi akasema jioni moja. "Amenikasirikia?"

"Hapana. Kazi zinamchosha."

"Mwambie nimemkumbuka."

"Mwambie mwenyewe. Yuko hapo nje."

"Najua alipo," wifi akasema.